Chumvi ya Ng'ombe katika Mihogo ya Mama

Baba aliniuliza swali moja tu, akiwa ameisukuma mbali sahani yake ya bugali, na jibu la kweli lilikuwa fupi: "Sijui, Papa." Sikulitoa. Nilikuwa mvulana aliyeanza kuota ndevu, kichwa kimejaa masomo ya mwaka wa pili wa sekondari, nikajibu kwamba hiyo ni kazi ndogo, aniachie mimi. Nimeishi miaka mingi na nimesema maneno mengi ya kijinga, lakini hakuna ninalolichukia kama hilo. Na kila ninapolikumbuka halinijii peke yake, linakuja na harufu. Mtu ambaye hajakaa karibu na dimbwi la mihogo michungu hataielewa. Inaanza kama maziwa yaliyochachuka kibuyuni, kisha chini yake kuna kitu kizito zaidi, kama kitambaa kilichofunga kidonda cha ng'ombe kikasahauliwa hapo mpaka funza wakakiona. Haipiti puani na kwenda zake. Inashuka kooni, inakaa juu ya ulimi, na ukimeza mate unaimeza. Waliozaliwa nayo husema ni harufu ya chakula. Mimi niliichukia tangu siku ya kwanza, na chuki hiyo ndiyo iliyonifanya niwe mwepesi wa kumjibu baba.

Sisi tulikuwa watu wa juu. Nilizaliwa kwenye vilima vya Ngungu, kusini mwa Masisi, ambako ukungu hukaa mpaka jua linapokuwa kichwani, na ambako tulilima maharagwe, viazi na mihogo mitamu ile unayoweza kuichimba asubuhi, ukaichemsha na kuila mchana bila kuogopa. Wazee wetu walizikwa katika ardhi ile, na babu alijenga kwa mikono yake kikanisa kidogo cha miti tulimokuwa tukisali. Baba alilima na pia alichunga ng'ombe wa tajiri mmoja mwenye malisho makubwa. Mwaka mmoja malisho yakahitaji kupanuka, na yalipanuka juu ya mashamba yetu. Hapakuwa na wa kumlilia. Tajiri alimpa baba kwaheri yake kwa gunia la chumvi ya ng'ombe, ile ya kijivu yenye madonge makubwa kama kokoto, ambayo wachungaji huimwaga juu ya mawe ili mifugo ilambe. Baba alilibeba gunia lile kichwani kutoka Ngungu, akashuka nalo vilima na kuvuka mito mpaka Kibua, katika Walikale, kijiji alikozaliwa mama. Njiani mvua ilipotunyeshea alivua koti lake akalifunika gunia, yeye akalowa. Alisema chumvi ile ndiyo itakayotuanzishia maisha.

Kibua ni nchi nyingine kabisa. Joto, msitu, udongo mwekundu unaonata miguuni. Mihogo ya kule ni michungu, na wenyeji waliipenda kwa uchungu wake, maana nyani na nguruwe wa mwitu huionja mara moja wakaiacha. Lakini kile kinachomshinda nguruwe hakiwezi kuliwa na binadamu hivihivi. Wanawake waliimenya, wakaizamisha katika dimbwi la maji yaliyotuama chini ya kijiji, wakaiwekea mawe juu, wakaiacha ioze. Ndiyo, ioze, sina neno jingine la heshima. Maji yakawa meusi, yakatoa mapovu madogo yaliyopasuka polepole kama mtu anayebeua, na juu yake ukatanda utelezi mweupe ambao nzi walitembea juu yake bila kuzama. Kisha wanawake waliingia mpaka mapajani, wakiimba na kusutana, wakaitoa ile mihogo ikiwa laini kama ubongo. Ikabaki kuipasua, kuianika juani mpaka ikauke kabisa, na kuitwanga. Mimi nilipita njia ya dimbwi nikielekea shuleni, nimeziba pua kwa kola ya shati, na walinicheka wote.

"Angalia pua ya watu ya juu!" alisema mmoja wao. "Huko kwenu munakula nini, majani pamoja na ng'ombe?"

"Muache," mwingine akajibu. "Anatunza pua yake kwa ajili ya bibi. Atakuja kuoa ua!"

Dada yangu mdogo Sifa, ambaye alikuwa bado hajabadilisha meno yote, hakuwa na kiburi hicho. Alilizoea dimbwi kwa wiki moja. Alimsaidia mama kutoa mihogo, kisha alinikimbiza kijiji kizima akiwa amenyoosha mikono yenye ule utelezi, akipiga kelele, "Nusa, kaka! Nusa tu kidogo!" Nilikimbia kweli, sikuwa nafanya mchezo. Nilimchukia dakika hiyo kama unavyoweza kumchukia mtoto unayempenda. Alikuwa na miguu myepesi, na hakuna hata siku moja niliyomshinda kwa mbio.

Kulikuwa na kanuni moja pale dimbwini ambayo kila mwanamke aliishika. Katikati ya muhogo kuna uzi mgumu unaoupita kutoka kichwa hadi mkia. Ukiuvuta ule uzi kwa vidole viwili na ukatoka wenyewe, bila kushikilia nyama, mihogo imeiva. Usipotoka, unarudisha mihogo majini hata kama watoto wanalia njaa. Niliwahi kumuuliza mama sababu, naye akaniambia kwamba mama yake alifanya hivyo. Niliwauliza wengine, mmoja alisema uzi ndio mshipa wa uchungu, mwingine alisema ni desturi tu na kwamba watoto wa shule wana maswali mengi kuliko akili. Hawakujua kwa nini. Walijua lini. Kwangu mimi, mtu asiyejua kwa nini alikuwa hajui kitu.

Aliyeteseka kuliko sisi sote alikuwa baba. Mara ya kwanza alipowekewa bugali wa mihogo ile, alimega tonge, akalichovya katika sombe, mboga ya majani ya mihogo, akalipeleka mdomoni, kisha akainuka haraka akaenda kutapika nyuma ya nyumba. Tulisikia yote. Tangu hapo alikula ndizi alizopata, alikula majani, alikula mahindi ya kuchoma yalipokuwapo, na kila alichokula hakikumtosha. Mashavu yake yaliingia ndani. Baba hakuwa mtu wa kujidekeza. Mikono yake ilikuwa imewatoa ndama waliokufa tumboni mwa mama zao. Lakini bugali wa Kibua ulimshinda, na wakwe zake walikuwa wameanza kulisema jambo hilo kwa vicheko vya chini chini. Mkwe anayedharau chakula cha ukweni anatafuta nini ukweni?

Shuleni, wakati huohuo, Prof wetu wa biolojia alikuwa akitufundisha kuhusu seli. Prof ndivyo tulivyomwita kila mwalimu wa sekondari, na huyu alikuwa kijana mpole aliyefundisha kwa Kifaransa na kufafanua kwa Kiswahili. Alituambia kwamba kila kiumbe kimejengwa kwa vyumba vidogo visivyoonekana kwa macho, na kila chumba kimezungukwa na utando mwembamba sana, na kwamba utando ule si ukuta wala si shimo. Unachagua. Maji hupita kwa urahisi, vitu vingine hupita kwa kubebwa, vingine hukataliwa kabisa. Mimi nilielewa mara moja kwa sababu ya zizi la Ngungu: mti wa chini wa uzio hufungwa juu kidogo, ndama anapita chini yake kwenda nje na kurudi, na mama yake anabaki ndani hata akisukuma kwa pembe. Prof akakata kiazi vipande viwili. Kimoja akakitia katika kikombe cha maji matupu, kingine katika kikombe cha maji yenye chumvi nyingi. Kesho yake kile cha maji matupu kilikuwa kigumu, kimejaa, ukikikunja kinavunjika kwa sauti. Kile cha chumvi kililegea kama sikio la mbuzi. Akasema maji hutoka upande wenye chumvi kidogo kwenda upande wenye chumvi nyingi, yakivuka utando. Darasa lilishangaa. Mimi nilikishika kile kipande kilicholegea, nikakikunja na kukikunjua kati ya vidole, na sikutaka kukirudisha.

Basi jioni moja baba akasukuma sahani yake, na ndipo swali likaja.

"Hii kintu iko na harufu ya maiti," alisema. "Miye sitaiweza."

"Papa Yona, njo chakula tuko nayo," mama alimjibu, bila hasira. Yona ni mimi. "Ya juu ilibakia juu."

Baba akanigeukia. "Weye mutoto wa shule. Kule munafundishwa nini siku yote? Hakuna namna ya kutoa uchungu mu mihogo bila kuiozesha?"

Nilimwangalia. Nilimwona amekonda. Niliona pia kwamba ni mara ya kwanza katika maisha yangu baba ananiuliza jambo asilolijua, naye anangoja. Katika nyumba zetu mtoto huulizwa alikokuwa na alichovunja, haulizwi shauri. Nilivimba pale nilipokaa. Nikafikiri juu ya kiazi cha Prof, nikafikiri juu ya gunia la chumvi lililoegemea ukuta, na vitu viwili vile vikashikana kichwani mwangu kama vilikuwa vinangojana. Nikasema iko njia, Papa, ni kazi ndogo, niachie mimi.

Nilifanya kazi hiyo kwa mikono yangu. Nilikataa dimbwi. Nilichukua pipa la baba, nikaloweka ndani yake mihogo iliyomenywa, nikaponda madonge ya chumvi na kuyamimina bila huruma. Asubuhi mihogo ilikuwa imelegea. Ilikunjika! Nilimwita kila mtu aje aone. Maji yalikuwa yameongezeka pipani, na hapakuwa na harufu yoyote, wala povu, wala utelezi. Mama aliuchukua muhogo mmoja, akaupasua kwa kucha, akaushika uzi wa katikati na kuuvuta. Uzi ulitoka na nyama.

"Imelegea," alisema, "lakini uzi inakatala."

"Mama, uzi iko ya nini?" nilimjibu. "Uchungu ulikuwa mu maji yake, na maji yametoka. Angalia pipa limejaa!"

Akakata kipande kidogo, akakitia mdomoni, akatafuna kwa muda huku macho yamefumba, kama anayesikiliza. Kisha akakitema. "Minasikia chumvi tu," alisema.

"Njo vile! Uchungu hakuna."

Mama alimwangalia baba. Baba hakumwangalia mama. Alikuwa ananiangalia mimi, na usoni mwake kulikuwa na kitu ambacho sikuwahi kukipata kwake na sikukipata tena. Mama akainama akaanza kuipasua mihogo kwa ajili ya kuianika. Hajawahi kuniambia kwamba alikuwa na shaka. Lakini nilimwona mara kwa mara, akidhani hatumtazami, akiushika uzi na kuuvuta, kisha akauachia.

Nataka niwe mkweli juu ya siku zilizofuata, maana hizo ndizo zinanitia kichefuchefu kuliko harufu yote ya dimbwi. Nilikuwa na furaha. Bugali ulikuwa mweupe, hauna harufu, una chumvi kidogo, na baba alikula. Alikula akaomba tena. Jumapili baada ya ibada alisimama nje ya kanisa, mkono begani mwangu, akawaambia wakwe zake, "Shule njo hii! Mutoto amefukuza maiti mu nyumba yangu." Nilisimama nimeinamisha kichwa kwa unyenyekevu wa uongo. Wanawake wa dimbwini hawakuniiga. Walisema chumvi yote hiyo ni afadhali iwe ya nyama, kama nyama ipo, na mmoja akaniita daktari wa mapipa. Sifa alinipa jina lake mwenyewe. Kila nilipoinama juu ya pipa alisimama kando amefunga mikono nyuma kama Prof, akakohoa, na kusema kwa Kifaransa alichojitungia ambacho hakikuwa na neno hata moja la kweli, kisha akamalizia, "Prof Chumvi amesema!" Hata mama alicheka.

Ulikuwa msimu wa jua. Maharagwe tuliyopanda yalikuwa yamenyauka kabla ya kutoa ganda, samaki wa mtoni walikuwa wachache, na nyama hatukuiona. Tulikula bugali na sombe, na siku nyingine bugali na maji yenye pilipili. Mihogo yangu ilikuwa tayari haraka, basi tulikula sana, na tulikuwa na fahari ya kula wakati wengine wanangoja dimbwi. Kisha mama akaanza kuumwa kichwa baada ya kula. Sifa alitapika mara moja, mara nyingine, akawa anasema kizunguzungu. Mimi na baba tulihisi mapigo ya moyo yakienda mbio na tukalala. Tulisema ni jua. Tulisema ni maji ya mto. Tulitaja kila kitu chini ya mbingu isipokuwa pipa. Sikio la kufa halisikii dawa, na letu lilikuwa limezibwa na sifa.

Siku moja Sifa alienda na mama mbali kutafuta kuni, akarudi amechoka akalala mapema. Asubuhi nilimsikia akiniita. Alikuwa ameketi mkekani, ameshika mlango kwa mkono mmoja.

"Kaka, miguu yangu inanichezea."

"Acha mchezo, amuka," nilimwambia. Nilidhani ni moja ya michezo yake, kwa sababu alikuwa anacheka kidogo aliposema. Nikamshika mkono, nikamvuta juu. Akasimama kwa vidole. Visigino vilikataa kugusa chini kama vile ardhi ilikuwa ya moto, magoti yakagongana na kupishana, yakatetemeka, akanishika shati na sote wawili tukaanguka. Nilipomtazama uso, hakuwa anacheka tena. Hakulia pia. Alikuwa anaitazama miguu yake kama mtu anavyotazama wageni walioingia nyumbani bila hodi.

Wengine walisema amerogwa, wakaja kuomba, na maombi yalifanywa kwa sauti kubwa. Baba alimbeba mgongoni mpaka dispensari. Muganga wa pale, mwanamume mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alimgonga magoti kwa kidole, na miguu ikaruka kwa nguvu isiyo ya kawaida. Hakuuliza juu ya wachawi. Aliuliza, "Munakula nini?" Mama akajibu. "Munaloweka wapi?" Kisha mama, bila kunitazama, akasema kwa sauti ya chini kwamba tunaloweka katika pipa, na chumvi. Muganga alivua miwani. Alisema ugonjwa huo unaitwa konzo, neno la watu wa magharibi mwa nchi yetu, maana yake miguu iliyofungwa, na kwamba unatoka katika mihogo iliyoliwa ikiwa bado na sumu yake, hasa wakati hakuna maharagwe wala samaki wa kuusaidia mwili. Alisema hautaongezeka tukiacha kula vile. Baba akauliza utaisha lini. Muganga akaivaa tena miwani yake, akasema hauishi.

Nilikimbilia kwa Prof. Nilimkuta anafua shati lake, nikamweleza yote nikiwa nimesimama, nikimlaumu kwa kila neno, kana kwamba yeye ndiye aliyeponda ile chumvi. Aliliacha shati majini, povu likikauka mikononi mwake. Kisha akasema polepole, "Yona, kile kiazi kilikuwa kingali kizima. Njo maana kililegea." Sikuelewa, akanieleza, na somo hilo sitalisahau. Muhogo hauhifadhi sumu iliyokamilika. Ndani ya kila seli, kitu kinachoweza kuwa sumu kimefungiwa katika kifuko chake chenye utando wake, na kile kitakachokivunja kimewekwa mbali nacho, nje. Muda wote utando ukiwa mzima, viwili hivyo havikutani. Dimbwi linaua zile seli. Mihogo inaoza, tando zinapasuka, vitu viwili vinakutana, sumu inageuka hewa na kuondoka, nyingine inabaki majini, na iliyosalia inamalizwa na jua. Ndiyo maana uzi ulitoka wenyewe: hakuna kilichobaki kikishikana na kingine. Chumvi yangu haikufanya hata moja kati ya hayo. Ilinyonya maji tu. Utando ulijikunja kwa ndani kama chandarua kilichoanguka, lakini haukupasuka, ukamruhusu ndama, yaani maji, na ukambakiza ng'ombe, yaani sumu. Chumvi ileile ilizuia kuoza. Tena ikauficha ule uchungu ulimini mwa mama, ambao ndio ungetuonya. Prof alisema alikusudia kufundisha habari za seli inayokufa katika masomo yaliyofuata. Mimi sikuyangoja.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nimeisikia methali hii tangu nikiwa mdogo, na siku ile niligundua kwamba haisemi guu la nani.

Baba alilibeba gunia la chumvi lililobaki akalimwaga mtoni, yeye aliyelivulia koti mvuani. Kuanzia siku hiyo alikula bugali wa dimbwi, wenye harufu yake yote, bila kuziba pua, mpaka alipokufa. Hakuniuliza tena shauri. Hakunigombeza hata mara moja, na ningefurahi kama angenipiga. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Mimi niliingia dimbwini. Niliingia mpaka mapajani pamoja na wanawake, mvulana peke yangu, nikitoa mihogo ya mama, na harufu ilinipanda kama zamani, nikatapika mara nyingi nikiwa nimesimama ndani ya maji. Hawakunicheka tena, na hilo lilikuwa baya kuliko kucheka. Nilidhani siku moja nitaizoea. Sikuizoea. Kilichobadilika ni kwamba nikiinusa nilijua ninachochukia si mihogo. Sifa alitengenezewa fimbo mbili. Alijifunza kwenda kwa vidole, magoti yakisuguana, kwa sauti ya fimbo, mguu, fimbo, mguu, na aliendelea kuniita Prof Chumvi maisha yake yote, kwa upendo, akitaka nicheke. Nilicheka kila mara. Sijui kama alijua ilikuwa inanigharimu nini.

Sasa ninaishi Bweremana, kando ya ziwa Kivu, mahali pa samaki na biashara, na mimi ni mzee. Sokoni wanauza unga wa mihogo mweupe kama chokaa, na watu waliokimbia vita kutoka vilima vyetu, wengine wao wa Ngungu, wanapika bugali chini ya maturubai. Ninapita kati yao asubuhi na kufanya jambo linalowachekesha: ninanusa mabeseni. Wanaloweka usiku mmoja, wanatoa, kwa sababu njaa haingoji, na maji ya kulowekea yanachotwa mbali, na hakuna dimbwi. Beseni lisilo na harufu linanitia kinyaa sasa. Ninawaambia wavute uzi. Kijana mmoja aliniambia, "Papa, weye uko muzee wa kwanza anaomba chakula kinuke," wote wakacheka, na mimi niliendelea kusimama pale mpaka mama mmoja akairudisha mihogo majini ili tu niondoke. Majuto ni mjukuu, wahenga husema. Mjukuu wangu anasoma biolojia, na jana alinionyesha picha ya utando wa seli kwenye simu yake, yenye rangi nzuri, vijitu vinaingia na kutoka kupitia milango yake. Alinieleza vizuri kuliko Prof. Nilimuuliza, na ukifa je? Akasema, "Hiyo hatujafika, koko," kama wanavyowaita babu huku. Nikamwambia asimfundishe mtu chochote mpaka wafike. Aliniona mkali bila sababu.

Tangu zamani zile dunia imekwenda mbele. Watoto wanaona kwa macho kile ambacho Prof alituchorea kwa chaki, na hata jina la konzo linajulikana kwa wauguzi wengi. Lakini wanaokula kwa haraka leo ni wengi kuliko sisi tuliokuwa nyumba moja na pipa moja, na haraka yao si ya kiburi kama yangu, wamelazimishwa. Wao nawahurumia. Yule mvulana wa Kibua, pamoja na machozi yote niliyomlilia, bado ananichukiza.

Watu wenye silaha walipofika Kibua, mimi nilikuwa tayari nimehamia huku na mke wangu na watoto. Wanakijiji waliofika huku wakiwa hai walinisimulia. Ilikuwa mchana, kijiji kizima kilikimbilia msituni, na kila mwenye miguu alipona. Sifa alifika mpaka nyuma ya kanisa na fimbo zake. Mama, ambaye alikuwa mzee lakini bado aliweza kukimbia, aliitwa na majirani aje, akawajibu, "Muende. Miye niko na mutoto," akageuka, akaketi chini karibu naye. Wote wawili waliuawa pale. Nilisema najua nilichokuwa sikijui, na hilo lilinigharimu miguu ya dada yangu, kisha dada yangu, kisha mama yangu.